Joto la Nyumbani Tumelijenga Wenyewe



Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi, sisi wakazi wa Dar es Salaam huwa na salamu moja tu: "Joto hili!" Mchana kipimo hufika nyuzi 32 au 33 za Sentigredi, na unyevu wa bahari hulifanya jasho ligome kukauka. Lakini mtihani hasa ni usiku. Watu hutoa mikeka nje, wengine hulala sakafuni, na asubuhi kila mtu yuko kituoni akisubiri daladala kwa macho mekundu.

Lawama zote tunalitupia jua. Leo nataka kusema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yetu. Sehemu kubwa ya joto linalotukosesha usingizi tumelijenga wenyewe, kwa saruji yetu na bati zetu.

Naanza na kosa langu mimi. Nilipojenga kibanda changu huko Tabata, fedha ziliishia kwenye paa. Tukahamia bila dari. Madirisha nayo nilitaka ya kisasa, yale ya vioo vya kuteleza, kwa kuwa jirani alikuwa nayo. Ilipofika Februari ya kwanza, mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa hajatimiza mwaka, akajaa vipele vya joto shingoni na mgongoni. Akawa analia usiku kucha. Nami, kwa akili ya mtu asiyelala, nikakopa fedha na kununua kiyoyozi cha mtumba. Uniti za Luku za mwezi mzima ziliisha katika juma moja, na chumba hakikupoa.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyewahi kuwa fundi mwashi, akaja kutupa pole. Aliinua macho, akaona bati tupu, akacheka. "Mwanangu," akaniambia, "wewe unaipoza Tabata nzima."

Niliona haya, lakini nilimsikiliza. Na alichonifundisha ndicho ninachowaletea leo.

La kwanza ni paa. Jua la kwetu hupita karibu na utosi, kwa hiyo paa ndilo linalopigwa zaidi kuliko ukuta wowote. Bati likipata moto huwa kama jiko lililogeuzwa, likimwaga joto juu ya vichwa vyenu. Bati lenye kutu, au lililopakwa rangi ya kukoza, hunyonya joto zaidi. Lililopakwa rangi nyeupe hulirudisha jingi lilikotoka. Chini yake weka dari, hata kama ni ya mbao nyepesi na unaijenga chumba kimoja kila mwaka. Anza na chumba cha kulala. Na usisahau kuacha matundu ya hewa kati ya dari na bati, ili joto lililonaswa humo lipate njia ya kutokea.

La pili ni upepo. Majira ya joto ndiyo majira ya kaskazi, upepo unaotoka upande wa kaskazini mashariki. Huo ni mgeni asiyedai nauli, nasi tunamfungia mlango. Chumba chenye dirisha moja ni chupa: hewa haiingii kwa kuwa haina pa kutokea. Kinahitaji tundu la pili upande wa pili, hata kama ni matofali ya matundu juu ya mlango. Na lile dirisha langu la kuteleza? Likifunguliwa, kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, na nusu ya dirisha hubaki imefungwa. Nimelipia dirisha zima, ninapata upepo wa nusu.

Wengi hufunga madirisha kwa hofu ya mbu na wezi, na hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni nondo na wavu. Tena huo wavu usuguliwe mara kwa mara, maana ukijaa vumbi huzuia upepo kama pazia.

La tatu ni kivuli, nacho kiwe nje ya nyumba. Jua likishapita kioo, pazia la ndani limechelewa. Ukuta wa magharibi ndio unaounguzwa jioni, kisha hukurudishia joto hilo usiku. Kinga ukuta huo kwa turubai, kwa kipande cha makuti, au kwa mti. Mwarobaini hauna bei kubwa. Tena tupunguze huu mtindo wa kusakafia ua mzima kwa saruji.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye umeme. Pangaboi la wati 75 likizunguka saa 8 hutumia uniti 0.6 tu. Kiyoyozi cha wati 1,000 kikifanya kazi mfululizo kwa saa hizo hutumia uniti 8. Lakini fahamuni kwamba pangaboi halipozi chumba. Humsaidia mtu jasho lake likauke. Ukitoka, lizime.

Msikilizaji wa Dodoma anaweza kutundika shuka lenye maji dirishani akapata nafuu, kwa kuwa hewa ya huko ni kavu. Hapa pwani hewa imekwisha kushiba maji. Shuka hilo litaongeza fukuto tu. Afadhali umpanguse mtoto mwili kwa kitambaa chenye maji, kisha umpepee. Na jiko la mkaa likae nje. Ndani huongeza joto, na hewa yake chumbani mlimofungwa inaua.

Najua mpangaji ananiuliza: dari nitaijengaje katika nyumba ya mtu? Swali hilo nalipeleka kwa wenye nyumba. Ndugu yangu, unapopangisha chumba kisicho na dari wala tundu la pili, umeokoa fedha mara moja. Anayelala humo na watoto wake hulipa kila usiku, juu ya kodi anayokulipa wewe.

Kwetu Tabata sasa kuna dari chumbani, matundu juu ya mlango, na mwarobaini uliofika kimo cha paa. Kile kiyoyozi nilikiuza kwa hasara. Sitawadanganya kwamba tunajifunika blanketi mwezi wa Februari. Lakini tunalala.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Kabla hujachagua mlango wa kuwapendeza wapita njia, inua macho kwanza uone kilichoko juu ya kitanda cha mwanao.

Hadi juma lijalo, kwaherini.