Habari za Walimu wa Sayansi, na za Ghala Zetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Yamkini wengine wenu mwauliza, karani ana shauri gani na kemia? Sisi tulisoma shule ya misheni, tukafundishwa kuandika hati nzuri na kuweka hesabu, na tangu hapo kalamu ndiyo jembe letu. Walakini kazi yetu huku nyanda za juu za Kigoma, baina ya Kasulu, Kibondo na Kakonko, hutupeleka mashuleni kuhesabu mali, na huko ndiko tulikolikuta jambo la leo.

Katika shule moja, ambayo jina lake hatuna haja nalo, tulifunguliwa ghala. Mlikuwamo masanduku ya vyombo vya maabara: bilauri za kupimia, vibomba vya kioo, bureti na mizani, kila kimoja katika karatasi yake, wala utepe haujakatwa. Tulivilinganisha na leja. Hapakuwa na kilichopungua. Tukamsifu mtunza ghala, tukatia sahihi. Tulipokuwa tukitoka, mwalimu wa kemia, kijana mpole, akatuuliza, "Vimetimia, ndugu karani?" Tukajibu kwamba vimetimia. Akasema, "Basi wanafunzi wangu wataviona siku ya mtihani."

Hatukuwa na jibu. Na hapana budi tuseme yote: mwaka uliotangulia sisi wenyewe tuliandika barua ya kukumbusha kwamba chombo kikivunjika kitalipwa na aliyetia sahihi kukichukua. Barua ile ilikuwa safi kwa kanuni na kwa sarufi. Lakini mwalimu gani mwenye mshahara mdogo na watoto wanne angekata utepe wa sanduku lile?

Mnajua jinsi shule za sekondari za kata zilivyoongezeka upesi tangu mpango wa MMES ulioanza mwaka 2004. Majengo yalisimama, wanafunzi wakaja, lakini walimu wa sayansi walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wamesoma sayansi ubaoni tu. Walichora bureti bila kuishika. Mtu wa namna hiyo hakosi akili; hukosa mazoea ya mikono, naye huona haya kujaribu mbele ya watoto arobaini asije akachekwa. Nao mtihani wa kidato cha nne wahitaji vitendo katika fizikia, kemia na baiolojia.

Dawa iliyopatikana ni kuwakusanya walimu, si kuwahutubia kama tunavyofanya sisi sasa, bali kuwafanya wanafunzi tena kwa siku chache. Tuliwahi kupelekwa kwenye mkutano wa namna hiyo ili kuandika mahudhurio na posho, tukakaa nyuma tukitazama. Walitumia mbinu zinazofanana na zile za Shika na Mikono, vitabu vya mazoezi vilivyotungwa na walimu wa kujitolea wa Peace Corps ya Marekani pamoja na wenzao Watanzania. Shabaha yake ni kwamba kitu cha dukani kishike mahali pa kitu cha maabara. Bureti ikikosekana, hutumika bomba la sindano la plastiki lisilo na ncha. Wanga hupimwa kwa ayodini ya kupaka vidonda: tone moja juu ya muhogo, na papo hapo pageuka rangi ya wino. Maua ya choya yakichemshwa hutoa maji mekundu, yabakiayo mekundu katika ndimu na kugeuka kijani katika magadi. Manjano ya jikoni nayo hugeuka nyekundu yakiguswa na maji ya majivu. Mrututu wa dukani hutoa fuwele za buluu. Tindikali ya betri hutumika pia, ila hiyo ina sheria yake: tindikali hutiwa katika maji kidogo kidogo, kamwe si maji katika tindikali, kwa kuwa joto lake hurusha matone usoni. (Shati letu moja lina tundu kwa kuwa tulisogea karibu mno.)

Palikuwa na mwalimu mmoja mtu mzima, amefundisha kemia miaka mingi. Alipopewa lile bomba mkono ulimtetemeka. Mara ya kwanza alipitisha kipimo, mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu tone moja likageuza rangi, naye akanyamaza, akaitazama ile chupa muda mrefu. Kisha akaomba arudie, ingawa kengele ya chakula ilikwisha lia.

Twajua wako wasemao kwamba walimu huenda kwenye mafunzo kwa ajili ya posho. Wapo, kama walivyo makarani wasafirio kwa ajili ya posho, tusitafute zaidi. Neno zito zaidi ni kwamba mafunzo ya mara moja hupoa. Jirani zetu wa Kenya walianza mpango wao wa SMASSE mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, katika wilaya chache kwanza, wakifundisha wakufunzi wa taifa, hao wakafundisha wa wilaya, na wa wilaya wakawafundisha walimu. Faida yake kubwa ilikuwa kurudi tena na tena. Hapa kwetu mpango wa MEWAKA umekusudia mwalimu ajifunze shuleni kwake pamoja na wenzake, na sisi twauona kuwa ndio njia, mradi ghala lifunguliwe.

Wala mtu asituambie kwamba pasipo jengo la maabara hapana sayansi. Huko Mtendeli, tangu mwaka 2016 hata kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2021, watoto wa wakimbizi wa Burundi walisoma kwa mtaala wa kwao, na mwanzoni madarasa mengi yalikuwa chini ya miti. Mti una tawi, na tawi laweza kubeba uzi na jiwe. Na mkoa huu wetu una Uvinza, ambako watu wamechemsha maji ya chemchemi kupata chumvi tangu karne nyingi. Mwalimu atakaye kufundisha uvukizaji ana somo zima katika sufuria moja.

Twamkumbuka pia Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa ya aiskrimu aliyoyatia yakiwa moto yakiganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye alimwuliza Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye hakucheka bali alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari ile. Wataalamu wangali wanabishana juu yake hata leo. Lakini fikirini, Mabwana: mwalimu ambaye hajapata kujaribu kitu kwa mkono wake atajibu nini akiulizwa swali la namna ile?

Basi ombi letu kwa makarani wenzetu ni dogo. Katika leja ya vyombo vya maabara tuweke safu ya vilivyovunjika katika kufundisha, tumwombe mkuu wa shule athibitishe kila muhula, na idhini ya kuvifuta iombwe kwa mwenye mamlaka bila kumtoza mwalimu. Sisi tumekwisha iandika upya ile barua yetu. Nakala iko mezani kwa atakaye kuisoma na kuisahihisha.

Na kwa kuwa tumesema juu ya mikono, tumekuja na uzi wa mita moja na jiwe. Likining'inizwa na kusukumwa kidogo, huenda na kurudi mara 20 kwa sekunde 40 hivi; uzi ukifupishwa hata robo yake, muda wapungua hata nusu. Msitusadiki. Bwana Mweka Hazina, tafadhali shika saa.