Trauti wa Mito ya Milimani: Samaki Mmoja, Riziki ya Wengi

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa maeneo ya mito ya Mlima Kenya na Aberdare



Mada ya leo ni samaki ambaye wakazi wengi wa milimani wamewahi kumwona, wachache wamemla, na wachache zaidi wamepata riziki kwake. Samaki huyo ni trauti. Swali lililo mbele ya mkutano ni moja: je, kijana aliyezaliwa kando ya mto Gura, Chania, Thego au Sagana anaweza kujipatia kipato kwa kuwaongoza wageni wanaokuja kuvua? Jibu ni ndiyo, ila kuna sharti. Lazima samaki mwenyewe awepo mtoni, na kuwepo kwake kunategemea kila mtu anayetumia mto huo.

Kwanza, asili yake. Trauti si mwenyeji wa Kenya. Trauti wa kahawia waliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Scotland, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, wakawekwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, aliletwa mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Baadaye, mwaka 1948, kituo cha kutotolesha vifaranga vya trauti kilianzishwa Kiganjo, Nyeri, na kwa miaka mingi vifaranga vya huko vimekuwa vikipandikizwa mitoni.

Trauti ni jamaa wa samoni, samaki maarufu wa nchi za baridi. Samoni huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Kwa hiyo mvuvi wa samoni husubiri msimu, naye mwongozaji wake hufanya kazi kwa miezi michache tu. Trauti wa milima ya Kenya hana safari hiyo ya baharini. Huishi mtoni mwaka mzima, na kinachoweka msimu ni mvua. Mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba zinaponyesha kwa nguvu, maji huwa ya tope, samaki haoni chambo, na kuvuka mto ni hatari. Maji yanapopungua na kuwa maangavu, kazi hurudi. Mwongozaji mzuri huanza kazi yake hapo: anamwambia mgeni ukweli kuhusu hali ya mto kabla mgeni hajalipa nauli.

Wageni wengi wanaofuata trauti hutumia nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Mgeni anaweza kuja na vifaa vya bei ghali na ujuzi wa miaka mingi, lakini mto haujui. Mwenye kuujua ni mwenyeji. Trauti hukaa akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, akisubiri chakula kiletwe na mkondo. Hupenda kujificha nyuma ya jiwe kubwa, chini ya ukingo uliochimbika, au pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia. Humwona mtu aliyesimama wima ukingoni, na huhisi kishindo cha miguu. Kwa sababu hiyo mwongozaji humfikisha mgeni kutoka upande wa chini wa mto, polepole, bila kelele, na humwonyesha mahali pa kutupa mshipi.

Kazi yake ya pili ni usalama. Mawe ya mtoni huteleza, na mvua iliyonyesha juu mlimani inaweza kuujaza mto ghafla hata kama bondeni jua linawaka. Maji yakianza kubadilika rangi, au majani na vijiti vikianza kuelea kwa wingi, watu hutoka mtoni mara moja, hata kama samaki ameshashika ndoana. Ndani ya msitu na hifadhi kuna nyati na tembo, na kichaka cha ukingoni ni mahali ambapo nyati hupumzika. Mtu hapaswi kuingia huko bila kufuata maelekezo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na, inapotakiwa, bila kusindikizwa na askari wa wanyamapori. Mwongozaji anayestahili malipo yake amejifunza huduma ya kwanza, hubeba kisanduku chake, na huacha habari nyumbani kuhusu njia atakayopita na saa anayotarajia kurudi.

Kazi ya tatu ni samaki mwenyewe. Trauti anayetakiwa kurudishwa mtoni hushikwa kwa mikono iliyoloweshwa, kwa sababu mkono mkavu huondoa utelezi unaoikinga ngozi yake. Hatolewi majini kwa muda mrefu, wala haguswi matamvua. Ndoana isiyo na kijino hutoka upesi na haichani mdomo. Kisha hushikiliwa kwa upole, kichwa kikielekea mkondo, mpaka apate nguvu ya kuondoka mwenyewe.

Hapa wakazi wengi huuliza: kwa nini chakula kirudishwe mtoni? Hilo ni swali la haki, na halijibiwi kwa kuwadharau wenye njaa. Leseni huruhusu mvuvi kuchukua samaki kwa masharti, na anayezingatia masharti hayo hana kosa. Lakini hesabu ifanywe wazi. Trauti aliyenaswa kwa wavu huuzwa mara moja, na fedha huingia mfuko mmoja. Trauti aliye hai mtoni anaweza kumleta mgeni leo na mwingine mwezi ujao. Mgeni huyo hulipa mwongozaji, hulipa mbeba mizigo, hulala mahali, hula mayai, viazi na mboga za shamba la jirani, na hupanda gari la mtu. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Kenya ina funzo lake kuhusu samaki wa msimu, na halihitaji kuagizwa Ulaya. Katika mito inayoingia Ziwa Victoria, kama Nzoia, Yala na Sondu-Miriu, kuna samaki anayeitwa ningu. Mvua zinapojaza mito, ningu hutoka ziwani na kupanda mtoni kutaga mayai, karibu kama samoni anavyotoka baharini. Zamani alikuwa miongoni mwa samaki waliotegemewa sana na jamii za huko. Kisha nyavu za makila zikatandazwa kwenye midomo ya mito wakati huohuo wa kupanda, wakanaswa majike wenye mayai kabla hawajataga. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka, na hadi sasa samaki huyo hajarudi katika wingi wake wa zamani. Aliyeweka wavu hakukusudia kummaliza ningu. Alitaka kitoweo cha siku hiyo. Tatizo ni kwamba kila mtu alitaka hivyohivyo, mahali palepale, kwa wakati uleule.

Hata kwenye nchi zenye fedha nyingi, hali ni hiyo. Katika mto Kenai, jimboni Alaska, Marekani, mwaka 1985 alivuliwa samoni mfalme wa takriban kilo 44, rekodi iliyoufanya mto huo ujulikane duniani. Waongozaji wengi walijenga maisha yao juu ya samaki huyo. Lakini idadi yake ilipopungua mno, mwaka 2023 na 2024 serikali ya jimbo iliufunga uvuvi wake katika mto huo. Waongozaji walikuwepo, mashua zilikuwepo, wageni walikuwepo. Samaki ndiye aliyekosekana.

Mito ya Mlima Kenya na Aberdare inakabiliwa na hatari tatu zinazoweza kupunguzwa na wakazi wenyewe.

Ya kwanza ni uvuvi haramu. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inakataza kuvua kwa sumu na kwa vilipuzi. Sumu haimchagui trauti mkubwa. Huua vifaranga, kaa na wadudu wanaoliwa na samaki, kisha maji hayohayo huteremka hadi kwenye mtungi wa mama na hori la ng'ombe.

Ya pili ni ukingo uliolimwa hadi majini. Kanuni za mazingira zinazuia kulima kando ya mto kwa upana usiopungua mita 6, na unaoweza kufika mita 30. Udongo unaoporomoka hufunika changarawe ambamo trauti hutaga, na mayai hukosa hewa. Miti ya kivuli ikikatwa, maji hupata joto. Trauti ni samaki wa maji ya baridi: joto likipita nyuzi 20 huanza kudhoofika, na likikaribia 25 anaweza kufa.

Ya tatu ni kukauka kwa mto wakati wa kiangazi. Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu mkulima anayemwagilia si adui wa mwongozaji. Mara nyingi ni baba na mwana katika boma moja. Njia iliyopo ni kukaa pamoja katika chama cha watumiaji wa rasilimali za maji, kufuata zamu, kuheshimu vibali, na kuvuna maji ya mvua kwenye vidimbwi ili mto uachiwe sehemu yake siku za jua kali.

Jambo jingine lisisahaulike. Trauti wa kahawia na wa upinde wa mvua wote wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe wageni 100 wenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu hula viumbe wa asili wanapowekwa mahali pasipofaa. Kwa hiyo mtu asichukue vifaranga kwenye ndoo na kuvimwaga katika mto au bwawa jipya kwa nia njema. Kupandikiza samaki kunahitaji idhini ya wataalamu wa uvuvi.

Kwa vijana wanaotaka kuanza, hatua ni za kawaida. Wajiunge katika kikundi kilichosajiliwa. Wafike katika ofisi ya uvuvi ya kaunti kuuliza masharti ya leseni, ukubwa na idadi ya samaki wanaoruhusiwa, na sehemu za mto zilizo wazi. Wapate ruhusa ya wenye mashamba kabla ya kupitisha wageni, na wakubaliane mapema mwenye shamba atapata nini. Bei itajwe mwanzo wa safari, isipandishwe mwisho wake. Na wawe na daftari: tarehe, hali ya maji, samaki wangapi wamevuliwa, wangapi wamerudishwa. Baada ya miaka michache daftari hilo litaonyesha kama mto unapona au unaugua, na litakuwa ushahidi mezani siku ya kugawana maji.

Katiba imeweka uvuvi miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, huku ulinzi wa mazingira ukisimamiwa pia na serikali ya kitaifa. Lakini hakuna afisa anayeweza kusimama kwenye kila kona ya mto usiku. Anayesikia wavu ukitupwa ni jirani. Akinyamaza, mgeni atakayekuja mwezi ujao atatupa mshipi wake mchana kutwa, ataondoka mikono mitupu, na kijana aliyemwongoza hataitwa tena.