KUCHAGUA MTAA WA KUKAA UNAPOHAMIA DODOMA

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya mkutano wa makatibu wa vyama vya msingi)



Nimezoea kusimama mbele yenu nikiwa na hoja za ukaguzi mkononi, na najua kwamba baadhi yenu mkiniona hukumbuka stakabadhi zisizoonekana. Leo sikuja kwa shughuli hiyo. Chama Kikuu kimeniomba nizungumze juu ya jambo ambalo limeanza kujitokeza katika vitabu vya mikopo vya vyama vyetu, nalo ni mikopo inayochukuliwa na wanachama ili kulipia kodi ya nyumba, kununua kiwanja au kujenga katika Jiji la Dodoma. Wengine wamehamishwa kikazi, wengine wamewafuata watoto wao, wengine wamekwenda kufanya biashara. Katika majalada niliyoyapitia, sababu ya mwanachama kuchagua mtaa fulani aghalabu huandikwa kwa maneno mawili tu: "bei nafuu". Nimekuja kuwaambieni kwamba maneno hayo mawili hayatoshi.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huohuo. Kwa miaka mingi mji ulikua polepole. Mwaka 2016 serikali ilianza kuhamia kwa vitendo. Mwaka 2017 Mamlaka ile ikavunjwa na shughuli zake kukabidhiwa halmashauri. Na mwezi wa Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya Jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 354,000, na kila mmoja wao alihitaji mahali pa kulala. Penye haja kubwa namna hiyo, ardhi mbaya nayo hupata mnunuzi.

Mimi nilikuwa mnunuzi wa namna hiyo. Naomba niwasimulieni kwa kifupi, kwa kuwa nimeona si haki kukagua makosa ya wenzangu na kuyaficha ya kwangu.

Nilihamishiwa Dodoma mwaka 2017 nikitoka Bukoba, ambako mvua haikawii kurudi na ardhi haisahau maji. Mwezi wa Septemba mwaka uliofuata nilioneshwa kiwanja pembezoni mwa mji. Palikuwa tambarare, pasipo mawe wala visiki, na juu yake palitandazwa mchanga safi mweupe. Nikafurahi sana, nikidhani kwamba pamoja na kiwanja nimepata na mchanga wa ujenzi bila ya malipo. Mama wa watoto alisema, "Baba, tusubiri tuone mvua za hapa." Mimi nikahofia kwamba mwingine atanitangulia. Nikachukua mkopo wa miaka minne katika chama chetu cha akiba na mikopo, wenzangu wawili wakanidhamini, nikalipa, na kufikia Desemba msingi ulikuwa umesimama.

Mwezi wa Januari mvua kubwa ilinyesha usiku mmoja. Asubuhi nilikuta upande mmoja wa msingi umechimbuliwa na kulala, na upande wa pili umefukiwa na mchanga uleule mweupe. Jirani yangu, bibi wa Kigogo aliyezaliwa mahali hapo, alikuwa amesimama akitazama. Nikamwamkia, naye akaniitikia, kisha akasema, "Mwanangu, hapa ni njia ya maji tangu enzi za babu zetu. Tulikuona unajenga, tukadhani umekwisha kuuliza."

Kweli sikuuliza. Nilikuwa nimetazama bei, nikatazama karatasi ya mauziano, lakini ardhi yenyewe sikuikagua. Nililipa kwa miaka zaidi ya mitatu deni la nyumba isiyokuwapo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mmoja wa wadhamini wangu alipotaka mkopo wa kumsomesha mwanawe, alielezwa kwamba sehemu ya akiba yake imeshikwa na deni langu. Alikwenda kukopa kwa watu binafsi kwa riba kubwa. Hakunilaumu, nami tangu siku hiyo nimekosa raha kila nionapo jina lake kwenye daftari.

Ndugu zangu, kutokana na mkasa huo nimejifunza mambo matano ambayo yafaa yakaguliwe kabla mwanachama hajachagua mtaa.

Kwanza ni njia ya maji ya mvua. Dodoma ni nchi kavu. Kwa kawaida hupata mvua ipatayo milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki makorongo hukauka, na mgeni huweza kuyadhania kuwa ni barabara au uwanja. Lakini ardhi iliyokauka kwa miezi saba haimezi maji upesi; mvua ikija kwa nguvu, maji hukimbia juu yake na kurudi katika njia zake za zamani. Basi mwenye kutafuta kiwanja akague alama zifuatazo: mchanga mlaini mahali pa bondeni, takataka zilizonasa kwenye vichaka, mizizi ya miti iliyoachwa wazi, na mstari wa matope juu ya kuta za jirani. Atazame pia udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na wakati wa mvua huvimba, hata nyumba yenye msingi hafifu ikapata nyufa. Lililo bora kuliko yote ni kurudi mahali hapo mwezi wa Januari au Februari, siku ya pili baada ya mvua kubwa. Ikiwa muuzaji hawezi kungoja mvua, mnunuzi na ajiulize kwa nini.

Pili ni maji ya matumizi. Kwa miaka mingi Jiji limetegemea zaidi visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, upande wa kaskazini. Watu wameongezeka, na mabomba hayawezi kuufikia kila mtaa mpya kwa siku moja. Mahali pengine visima vya watu binafsi hutoa maji ya chumvi. Kwa hiyo usiulize tu kama bomba lipo. Uliza maji hutoka siku ngapi kwa juma na saa ngapi. Wa kuulizwa ni akina mama wa mtaa huo, kwa kuwa ndio wanaohesabu madumu. Tuseme nyumba hununua madumu 6 kwa siku kwa shilingi 300 kila dumu: hiyo ni shilingi 1,800 kwa siku, yaani shilingi 54,000 kwa mwezi. Fedha hiyo ni kodi ya pili, ijapokuwa haikuandikwa katika mkataba.

Tatu ni umbali. Barabara kuu za Dodoma hutoka katikati ya mji kwenda pande nne: Morogoro, Iringa, Singida na Arusha. Mji wa Serikali wa Mtumba uko upande wa Morogoro, kiasi cha kilomita 17 kutoka katikati. Anayefanya kazi Mtumba akapanga nyumba kando ya barabara ya Singida kwa sababu ni nafuu, atalazimika kuuvuka mji mzima asubuhi na jioni. Tukadirie kwamba hupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa siku 22 za kazi. Hizo ni nauli 88. Zikiwa shilingi 600 kila moja, jumla ni shilingi 52,800. Mwenzake anayepanda daladala moja kwenda na moja kurudi hulipa nusu yake, yaani shilingi 26,400. Ikiwa nyumba ya mbali imempunguzia kodi kwa shilingi 20,000, amepata hasara ya shilingi 6,400 kila mwezi, pamoja na saa alizozipoteza njiani. Na tusisahau mtoto aendaye shule kwa miguu na mgonjwa wa usiku. Safari hizo zipimwe kwa kutembea, saa zilezile zitakapotumika, si kwa kuoneshwa kwa kidole kutoka dirishani mwa gari.

Nne ni uhalali wa ardhi. Katika nchi yetu ardhi ni mali ya umma, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Mamlaka iliyovunjwa ilikuwa ikitoa hati za miaka 33. Baada ya mwaka 2017 iliagizwa hati ziwe za miaka 99. Kwa hiyo mtu anaweza kuwaleteeni karatasi ya zamani yenye masharti yasiyolingana na ya leo. Msiisome peke yenu. Mwanachama apeleke namba ya kiwanja katika ofisi ya ardhi akafanye upekuzi, ili ajue kama kimepimwa, ni cha nani, ni cha matumizi gani, na kama kimewekwa rehani. Hali kadhalika akumbuke kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya familia haiuzwi na mmoja wa wanandoa bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji akisema mkewe yuko safarini, tumngoje arudi.

Tano ni watu. Mgeni afike kwa mwenyekiti wa mtaa, lakini asiishie hapo. Azungumze na mwenye genge, na mwendesha bodaboda wa kijiweni, na mzee mmoja aliyeishi hapo kabla mji haujafika. Afike mchana na afike saa mbili usiku. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kama ule wangu, wa kuona haya kumwuliza bibi aliyekuwa akinitazama kila siku.

Kwa mwanachama anayehama kwa mara ya kwanza, shauri langu ni kwamba apange kwanza, asinunue. Apange katika mtaa anaoutamani, akae kiangazi kimoja na msimu mmoja wa mvua, ndipo afikirie kiwanja. Mwenye nyumba akidai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, aombe walau ya miezi sita, na mkataba uandikwe.

Sasa nawageukia ninyi makatibu. Mithali yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba kila jalada la mkopo wa kiwanja au nyumba liwe na ukurasa mmoja wa ziada: mahali palikaguliwa tarehe gani, nani alikwenda pamoja na mkopaji, majirani walisema nini juu ya maji, na majibu ya upekuzi ni yapi. Kamati ya mikopo isipitishe ombi lisilokuwa na ukurasa huo. Wadhamini nao waoneshwe, kwa kuwa akiba yao ndiyo itakayoshikwa mambo yakiharibika. Mtu mwenye haraka atanung'unika. Mwacheni anung'unike. Laiti katibu wa chama changu angeniuliza maswali hayo manne mwaka ule, ningekasirika kwa juma moja, na mtoto wa rafiki yangu asingesomeshwa kwa fedha ya riba.

Kiwanja kile ningali nacho. Sikukiuza, kwa sababu sikuona namna ya kumwuzia mtu mwingine njia ya maji huku nikijua. Nimepanda humo miti, na bibi yule hunisaidia kuitunza. Familia yangu imepanga katika mtaa ulioinuka kidogo, kwa kodi iliyo kubwa kidogo, na mvua ikinyesha usiku tunalala.