Tisini na Nne Isiyopanda Wala Kushuka

Msikilizaji, intaneti ya nyumbani ikisuasua, lawama huiendea kampuni inayoiuza, na lawama zisipozaa kitu hununuliwa ruta mpya. Mimi nasema uchunguzi uanzie kwenye kebo, ile iliyopitishwa darini na kufukiwa ukutani. Ruta ilitoka kiwandani. Ncha za kebo zilibanwa kwa mkono, fundi akiwa juu ya ngazi, na mara nyingi hakuna aliyezigusa tena.

Chukua nyumba inayolipia megabiti 200 kwa sekunde. Kompyuta iliyochomekwa kwa kebo inapimwa asubuhi, jioni na usiku wa manane, na kila mara jibu ni 94 hivi. Laini iliyoelemewa na wateja huzorota jioni, ikapata nafuu watu wakilala. Namba isiyotikisika inasema jingine. Ndani ya kebo mna nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Kasi ya megabiti 1,000 huzitaka zote nne, kasi ya 100 hutosheka na mbili. Waya ukikatika katika zile mbili za ziada, vifaa vingi havizimi, vinateremka kimya kimya hadi 100, na katika hizo mtumiaji huambulia kama 94. Basi sogeza kompyuta kando ya ruta, uiunganishe kwa kebo fupi iliyo nzima. Ikifika 200, kosa limo ukutani. Isipofika, hakikisha kwanza kwamba tundu la ruta na la kompyuta si la 100 tu, ndipo uipigie simu kampuni.

Fundi atajitetea kwamba alipima, na taa zote nane ziliwaka. Namwamini, ila kile kipimo kidogo huuliza jambo moja tu: je, umeme umefika upande wa pili? Hakiulizi waya gani umesokotwa na upi. Akipanga rangi jozi kwa jozi, chungwa, kijani, buluu, kahawia, ncha zote mbili, taa zitawaka vizuri kabisa. Lakini nafasi ya 3 na ya 6 hubeba ishara moja, na kwa mpango huo moja imeangukia waya wa kijani na nyingine wa buluu. Msokoto ndio unaozuia nyaya kuingiliana. Waya mbili zisizosokotwa pamoja hazina kinga hiyo, na kadiri kebo inavyorefuka ndivyo data inavyoharibika njiani.

Wengine watasema wao hutumia Wi-Fi, kebo haiwahusu. Inawahusu, kwa kuwa kifaa kinachorusha mawimbi ghorofani nacho hulishwa kwa kebo hiyo hiyo. Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni la bei, maana kebo ya shaba tupu ni ghali. Hata hivyo, ile ya alumini iliyopakwa shaba hupitisha umeme vibaya zaidi, na waya wake hukatika upesi ukikunjwakunjwa. Kwangua ncha kwa kisu dukani: ikitokea rangi ya fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Iliyokwisha kufukiwa si lazima ing'olewe leo. Kata ncha zote mbili, zibane upya kwa mpangilio sahihi, msokoto usifunguliwe zaidi ya milimita 13, kisha upime tena. Ikibaki 94, hapo ndipo ukuta ufunguliwe.