Roketi Ikianguka, Vipande Visiokotwe Ovyo

Mazungumzo kwa vilabu vya sayansi vya shule za upili



Roketi ya kujitengenezea si fataki. Mota ya daraja la H, ambalo ni la kwanza katika kundi la roketi zenye nguvu kubwa, hutoa msukumo unaozidi nyutoni-sekunde 160, na kila herufi inayofuata hupandisha kikomo maradufu. Nchini Marekani, ambako mchezo huu umekomaa, anayetaka kurusha mota hiyo sharti athibitishwe kwanza na chama kama vile Tripoli. Chombo hicho kikienda kombo hurudi chini kama mkuki. Ndiyo maana kila ajali huchunguzwa, hata kama hakuna aliyeumia.

Kinachoharibu uchunguzi mwanzoni kabisa ni haraka. Roketi ikigonga ardhi, wajenzi hukimbilia shimoni, wakang'oa vipande na kuanza kubishana. Kumbe baruti ya kutoa parachuti huenda bado haijalipuka! Mtu mmoja mwenye uzoefu ndiye anayepaswa kukaribia na kuzima umeme, wengine wakae mbali. Kisha kila kipande hupigwa picha pale pale kilipo, na umbali wake kupimwa.

Mahali kipande kilipolala ni ushahidi. Mapezi yaliyovunjika kando ya shimo huenda yalivunjwa na ardhi. Pezi lililookotwa peke yake, mbali na mabaki mengine, huenda liling'oka angani, kwa hivyo gundi na maungio yake ndiyo ya kutazamwa. Wachunguzi wachanga hukosea sana hapa: wanaona uharibifu mkubwa na kudhani ndio chanzo, ilhali ni matokeo ya kuanguka.

Parachuti ndiyo yenye visa vingi. Roketi nyingi hubeba kifaa kidogo kinachopima kanieneo ya hewa. Kanieneo hupungua roketi inapopanda. Ikianza kuongezeka, kifaa hujua kilele kimepitwa, kikawasha baruti kidogo ya kusukuma parachuti nje. Parachuti isipotoka, mchunguzi hutazama ndani ya bomba. Baruti ikiwa haijaungua, huenda umeme haukufika: betri ilichomoka kwa kishindo cha kuruka, waya ulikatika, au swichi haikuwashwa. Masizi yakiwa yametapakaa na bomba halikufunguka, basi baruti ilikuwa kidogo mno au viungo vilibana. Bomba likiwa limechanika kutoka mdomoni kama zipu, parachuti ilitoka roketi ingali na kasi kubwa. Sababu mojawapo ya hilo ni mwendo unaokaribia kasi ya sauti: mawimbi ya hewa huvuruga kipimo, na kifaa hudhani roketi inashuka.

Wajenzi stadi pia hujikwaa. Tarehe 29 Septemba 2018, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California walirusha roketi yao Traveler III katika jangwa la Black Rock, Nevada. Huenda ilifika anga za juu, lakini vifaa vya kurekodi havikuwa vimewashwa ipasavyo, kwa hivyo hakuna takwimu wala uthibitisho. Kazi ya miaka ikabaki "huenda". Tarehe 21 Aprili 2019 walirusha Traveler IV huko New Mexico, na safari hii kumbukumbu zilionyesha futi 339,800, yaani takriban kilomita 103.6.

Hapa kwetu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha JKUAT, Juja, wanajenga na kurusha roketi ndogo chini ya mradi wa Nakuja. Klabu yenye ndoto kama hiyo ianze na daftari: uzito, mahali kitovu cha uzito kilipo, kiasi cha baruti, na nani aliyewasha swichi gani, vyote viandikwe kabla ya kurusha.

Jambo hili linawagusa hata wasiojenga roketi. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika kuichunguza na kusema, kwa tathmini ya awali, kwamba ilitoka kwenye roketi ya kurusha vyombo angani. Mkazi atakayekuta kitu cha namna hiyo asikiguse wala asikiuze kama chuma chakavu. Awazuie watoto wasikaribie, kisha amwarifu chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.