Bandu Bandu Huisha Gogo: Tuichore Methali



Methali hii sote twaijua. Leo tuichore, hata asiyesoma aielewe.

Chukueni ubao au katoni ngumu. Upande wa kushoto choreni gogo kwa makaa, yale yale ya jikoni. Kando yake gandisheni kwa gundi vibanzi vya mti wenyewe. Vibanzi viongezeke, gogo lipungue. Mizizi iwe nyuzi za mkonge, zile za kusukia vyondo. Rangi ije mwisho, tena kidogo tu, isifunike vitu.

Kwa nini kibanzi cha kweli? Kwa sababu hapa Kitui gogo tumeliona likiisha, gunia kwa gunia, hadi mwaka 2018 serikali ya kaunti ikapiga marufuku biashara ya makaa. Lakini tusimlaumu mchomaji bure. Mahindi yakikauka shambani, gunia la makaa ndilo karo ya mtoto. Sasa miti ikiisha, atauza nini?

Kwa hivyo upande wa kulia pakeni gundi, mnyunyize mchanga wa mtoni nyuma ya ukuta wa mawe. Hilo ni bwawa la mchanga, kama yale wanakijiji wetu na SASOL walianza kujenga miaka ya 1990. Kila mvua huleta mchanga kidogo, na mchanga huficha maji yasikaushwe na jua. Haba na haba hujaza kibaba, sivyo?

Picha ikikauka, itundikeni mnapokutania. Kisha mwulizane: kikundi chetu kinabandua au kinajaza?