SUKARI INAPOSHUKA: DAWA ILIYO JIKONI MWETU

(Hotuba iliyosomwa mjini Mbarara mbele ya wanachama wa Jumuiya na wageni wao kutoka Nakivale)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nawashukuru wenye Jumuiya kwa heshima waliyonipa ya kusema siku hii ya kumbukumbu yetu. Kamati ilinitaka niseme juu ya afya, na nadhani wajumbe walitazamia mawaidha ya usafi wa visima na vyoo, ambayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi kuliko nilivyoyasema. Leo nitasema juu ya kijiko cha sukari. Mimi si tabibu. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Lakini ninaishi na ugonjwa wa kisukari, huu ni mwaka wa tisa, najidunga insulini asubuhi na jioni, na haya nitakayoyaeleza nimefundishwa na madaktari na wauguzi, kisha nimeyaona katika mwili wangu mwenyewe.

Ugonjwa huu si mgeni kwa Waislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake cha Al-Qanun khabari ya utamu wa mkojo wa mwenye maradhi haya. Na kila mtu hapa ajua kwamba sukari nyingi katika damu ni adui wa mgonjwa: huharibu macho, figo na miguu. Adui huyo huja polepole, kwa miaka. Lakini yuko adui wa pili ambaye wengi hawamjui, naye huja kwa dakika. Huyo ni sukari kushuka kupita kiasi.

Sababu yake ni hii. Insulini, na baadhi ya vidonge, kazi yake ni kuiondoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini. Ilipovumbuliwa insulini huko Toronto mwaka 1921, na kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akadungwa mwezi wa Januari 1922, watu waliona ni kama wafu wanafufuliwa, kwani kabla ya hapo mtoto mwenye maradhi hayo hakuwa na matumaini. Ni neema kubwa. Ila dawa hiyo ikishaingia mwilini haiulizi kama umekula au hukula. Itaendelea kuiondoa sukari hata kama chungu hakikupikwa siku hiyo. Na ubongo wa mwanadamu, ndugu zangu, hauna akiba ya kutosha; sukari ikipungua katika damu, akili huanza kupotea.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaelekea khasa ndugu zetu wa Nakivale. Makazi yale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ndugu wa Rwanda waliokimbia, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Wote twajua kwamba tangu mwaka 2020 mgao wa chakula wa WFP kwa wakimbizi wa Uganda umepunguzwa mara baada ya mara, na wako waliokatwa kabisa. Sasa mfikirieni mtu aliyepimiwa insulini yake wakati alipokuwa akila mara tatu kwa siku. Leo anakula mara moja, na kipimo cha sindano ni kile kile. Kisha huyo huyo huamka akalime, au akatembea kutoka Rubondo mpaka Base Camp kwa shughuli zake, na kazi ya mwili nayo huishusha sukari. Mtu huyo hana dhambi wala uzembe, lakini yumo katika khatari kila siku. Nasaha yangu kwake si kuiacha dawa, kwani kuiacha kutamwua kwa njia nyingine. Na aende kituo cha afya, amwambie mganga waziwazi: "Chakula changu kimepungua, nipimie dawa upya." Wengi huona haya kusema kwamba nyumbani hamna chakula. Mganga asiyeambiwa hawezi kukisia.

Katika vidonge, kile kiitwacho glibenklamidi ndicho kinachojulikana zaidi kwa kushusha sukari, khasa kwa wazee na wenye maradhi ya figo. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Mwenye kutumia vidonge na aulize ni vipi alivyopewa.

Ama dalili, hizi ni za kujifunza kama tunavyojifunza nguzo za udhu. Mikono hutetemeka, jasho jembamba hutoka bila ya jua, moyo hupiga mbio, njaa huuma ghafla. Ikizidi, mtu huona giza, husahau jina la mwanawe, hukasirika bila sababu, ulimi humwia mzito, huyumba. Mwisho huanguka, na pengine mwili hutikisika kama mwenye kifafa.

Mwaka juzi nilimwona mzee mmoja katika soko hapa mjini, kofia imemdondoka, anajibu mambo asiyoulizwa, kanzu imelowa jasho. Watu waligawanyika pande mbili. Hawa wakasema amelewa, na wakaanza kumcheka kwa kuwa amevaa kanzu. Wale wakasema amepandwa na jini, na kijana mmoja alikwisha mshika kichwa anamsomea. Mama mmoja wa Kikongo, mwuza chai, hakuwa wa upande wowote. Alimwuliza mjukuu wa mzee yule swali moja tu: "Babu ana kisukari?" Mtoto alipoitika, mama alikoroga sukari katika kikombe cha maji na kumnywesha kidogo kidogo, maana alikuwa bado aweza kumeza. Haikupita robo saa, mzee akauliza kofia yake i wapi.

Mimi ni msomaji wa ruqya, na sikanushi majini. Lakini nawaambia wasomaji wenzangu: mwenye kisukari akipotewa na akili, sukari kwanza. Kisomo kitamkuta amekwisha kaa kitako, wala hakina haraka ya kushindana na kikombe.

Sasa kipimo. Mashine za kupimia damu ni za namna mbili, nyingine huhesabu kwa miligramu na nyingine kwa milimoli. Ikiwa yako ni ya miligramu, chini ya 70 ni sukari iliyoshuka. Ikiwa ni ya milimoli, chini ya 3.9. Chini ya 54, yaani 3.0, ni khatari kubwa. Asiye na mashine, au aliyeishiwa na vile vijikaratasi vyake ambavyo bei yake twaijua, asingojee kupimwa. Akiziona dalili, na atibiwe.

Dawa ni gramu 15 za sukari inayoingia haraka katika damu. Kwa vipimo vya nyumbani, hizo ni vijiko vinne vidogo vya chai vilivyosawazishwa, vikorogwe katika nusu glasi ya maji. Au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, iwe soda ya sukari ya kweli. Ile iliyoandikwa kuwa haina sukari haimfai kitu. Au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Au nusu glasi ya maji ya matunda yaliyo matamu. Mtoto mdogo hutosheka na kiasi kidogo zaidi, kwa kadiri ya uzito wake, kama atakavyoelekeza daktari wake. Akiisha kunywa, na akae, angoje robo saa kwa saa ya mkononi, kisha apime tena. Ikiwa bado iko chini, au bado anatetemeka, arudie kipimo kile kile.

Robo saa hiyo ni ndefu sana. Mwili mzima hukupigia kelele ule, unywe, umalize chupa, na wengi humaliza chupa mbili na mkate juu yake, sukari ikapanda mpaka mia tatu. Haifai. Subira hapa ni sehemu ya tiba. Sukari ikisharudi, ndipo mtu ale chakula cha kukaa tumboni, kama chapati, ndizi au posho, ili isishuke mara ya pili.

Nasema ndipo, kwa sababu watu wa Mbarara hukosea mpango huu. Sisi katika nchi ya Ankole tuna ng'ombe, na kwetu maziwa ni dawa ya kila kitu. Mtu akianguka, maziwa; akihuzunika, maziwa. Lakini mafuta yaliyomo katika maziwa halisi huichelewesha sukari tumboni, na hivyo hivyo karanga, na chokoleti ambayo watoto wetu waliosoma huileta wakidhani ni tamu basi yatosha. Matoke na posho huchukua muda kusagwa. Vyote hivyo ni chakula chema, wakati wake ni baadaye.

Ikiwa mgonjwa amezimia, au hawezi kumeza, msimtie kitu chochote mdomoni. Maji ya sukari yataingia mapafuni yamwue. Mlazeni kwa ubavu, mtafuteni mwenye chombo cha safari, mumpeleke kituo cha afya ambako atatiwa maji ya glukosi katika mshipa, au hospitali ya mkoa hapa Mbarara. Iko pia sindano ya glukagoni, nayo ni adimu kwetu. Kutoka Nakivale mpaka hapa ni safari ya zaidi ya saa nzima, na sehemu ya njia ni ya vumbi, kwa hivyo anzeni na kituo kilicho karibu. Na aliyeshushwa na vidonge vya glibenklamidi, hata akizinduka akacheka, apelekwe, kwani dawa ile hukaa mwilini muda mrefu na sukari yaweza kushuka tena usiku watu wamelala.

Nakuja katika jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa, nalo ni Ramadhani.

Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta hufunga kiasi cha saa 13 kila mwaka, hatuna mwaka mwepesi wala mzito. Wako wagonjwa ambao daktari huwaruhusu kufunga kwa kubadilishiwa dawa, na wako ambao huwakataza. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi ulionyesha kwamba kushuka kwa sukari kulikokuwa kukali kuliongezeka katika Ramadhani mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wa aina ya pili. Kwa hivyo mashauri na daktari yafanywe kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuanguka.

Na aliyefunga, sukari ikamshuka chini ya 70, afungue. Afungue pale pale, hata kama jua limebaki kidole kimoja kuzama na muadhini amekwisha panda. Nimewaona watu wazima, wenye heshima zao, wakitetemeka mbele ya sahani ya tende wakisema, "Zimebaki dakika kumi tu." Katika dakika kumi mtu aweza kuzimia. Rukhsa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, katika aya zile zile zinazofaradhisha saumu, tena imekaririwa mara mbili. Na sisi wenye kufuata madhehebu ya Imamu Shafi twajua kwamba mtu akichelea kuangamia, kufungua huwa ni wajibu juu yake, na kuendelea kufunga ndiko kosa. Siku ile atailipa atakapoweza. Na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kumruhusu kulipa, atatoa fidia kwa kulisha masikini. Hakuna kafara juu yake, wala hakuna wa kumtazama kwa jicho baya. Vile vile kujichoma kidole ili kupima damu hakubatilishi saumu, basi asiwepo wa kuacha kupima kwa hofu hiyo. Na mwenye kushikwa na hali hii akiwa katika sala, aikate, anywe sukari yake, kisha asali akili zake zikiwa timamu.

Kwa walimu wa vyuo nina neno fupi. Mtoto mwenye kisukari akinyosha mkono kuomba kutoka, au akitoa pipi darasani, msimpige wala msimkemee mbele ya wenzake. Nanyi wazazi, mjulisheni mwalimu siku ya kwanza. Mtoto aliyekuwa hodari wa kuhifadhi, ghafla akawa anasoma herufi zisizokuwako, huenda asiwe mtundu.

Kwa nyumba zenu: mgonjwa asitoke bila sukari mfukoni. Mimi hufunga vijiko vinne katika kipande cha ile wanayoiita hapa kaveera, navyo havijanitoka tangu mwaka wa kwanza, isipokuwa siku wajukuu walipovigundua. Jamaa wa nyumbani, ambao aghlabu ndio wanaotuficha sukari kwa mapenzi yao, wajue ilipo na wajue wakati wa kuitoa.

Kamati imekubali kwamba katika msikiti wetu litawekwa kopo la sukari na kikombe karibu na mlango wa kutilia udhu, upande wa wanaume na upande wa wanawake, na ndugu wa Nakivale wameahidi kufanya hivyo hivyo katika misikiti yao. Kopo hilo si la chai ya maimamu. Baada ya sala ya alasiri muuguzi atakuwa hapa na mashine, atapima kila atakaye bila malipo, na wale wenye kutumia insulini nawaomba wabaki nyuma kidogo ili aandike vipimo vyao kabla ya mwezi wa Shaabani.